Ukienda Paje, uliza maji kwanza
Kabla hujalipia chumba Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Zanzibar, tazama mwezi. Ukiwa mchanga au mpevu, ni siku za bamvua: maji yanakupwa hadi karibu na mwamba, na mbele ya hoteli unabaki na mchanga, vidimbwi na vigingi vya mwani. Saa ya maji kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ya jana usiitegemee. Muulize mvuvi yeyote. Ukitembea maji yakiwa yamekupwa, vaa yeboyebo. Kuna kidude cha baharini chenye miiba mirefu myeusi; ikikuchoma unyayo, likizo utaimalizia kitandani. Na kamba za mwani usizikanyage, ni shamba la mtu lile. Unataka kuogelea saa yoyote? Nenda Kendwa, kaskazini mwa kisiwa; huko maji hayaendi mbali.