Somo: Kuandika skripti ya filamu fupi kwa wazo la mwongozaji mwingine

Hadithi si yako. Hilo likikukaa moyoni mapema, kazi nzima inakuwa nyepesi.

Hatua ya 1: Msikilize kabla ya kuandika. Usimuulize filamu inahusu nini, atakupa hotuba. Muulize: ukifumba macho, unaona picha gani? Niliwahi kuandikia mwongozaji aliyetaka filamu ya mke wa mvuvi ambaye mumewe hajarudi. Tulizungumza saa nzima bila kufika popote, hadi nilipouliza swali hilo. Akajibu hapohapo: "Sahani mbili, mlaji mmoja." Filamu yote ilikuwa mle.

Hatua ya 2: Andika wazo lake kwa sentensi moja, umsomee. Akisema "hapana, si hivyo", shukuru. Umeokoa wiki mbili.

Hatua ya 3: Uliza alicho nacho. Waigizaji wangapi, siku ngapi za kurekodi, nyumba ya nani, mashua ipo? Dhoruba baharini hugharimu mamilioni. Upepo unaosikika nje na chemli inayotaka kuzimika havigharimu kitu.

Hatua ya 4: Andika kinachoonekana na kusikika tu. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tazameni. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Mwanamke ana huzuni, anamkumbuka mumewe." Kamera itapiga nini hapo? Nikaandika upya:

NDANI. JIKONI – USIKU
Anapakua wali sahani mbili. Anakaa mkekani. Sahani moja anaifunika kwa kawa, anaisogeza upande wa pili. Anakula bila kuitazama.

Hakuna neno la huzuni, na huzuni imejaa. Wala sijaandika kamera isogee wapi. Hiyo ni kazi ya mwongozaji, mwachie.

Hatua ya 5: Pima urefu. Kwa fonti ya Courier saizi 12, ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa dakika moja ya filamu, ingawa sini (onyesho) ya kimya kama hiyo ya jikoni huenda ikala zaidi. Mwongozaji yule wa mke wa mvuvi alitaka dakika 8, mimi nilikuwa na kurasa 14. Karibu kurasa zote nilizoziondoa zilikuwa maneno ya majirani.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mwongozaji wangu anabadilisha wazo kila wiki, nifanyeje?
Marahaba. Mrudishe kwenye ile sentensi ya hatua ya 2. Na kabla ya kuanza mkubaliane kwa maandishi idadi ya rasimu na malipo ya kila inayozidi.

Kaka, wazo likiwa lake, skripti ni ya nani?
Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu, inalinda kilichoandikwa. Lakini kazi ya kuagizwa ina mambo yake, hivyo mkataba useme wazi nani anamiliki, na jina lako litokeeje. Msitegemee urafiki.

Nikiona mwisho anaoutaka ni dhaifu?
Uandike kwanza kama anavyoutaka, kwa uwezo wako wote, usiuharibu makusudi. Kisha mpe wa pili kwenye nusu ukurasa, achague. Mwongozaji yule alitaka mume arudi. Nikamwandikia arudi, na pembeni nikampa mwisho ambapo mwanamke anafunua kawa na kuila sahani ya pili. Alikaa na miisho yote miwili siku tatu, akapiga simu: "Ale."