Kumfundisha Mtoto Mwenye Usonji Kuomba: Tiba ya Usemi Nyumbani

Wazazi wengi humpeleka mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano) kwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha wakitarajia kwamba atafundishwa kutamka "mama" na "baba". Mtaalamu makini huanzia kwingine: humtafutia mtoto njia ya kumwomba mtu kitu, iwe kwa neno, kwa ishara ya mkono au kwa picha. Mara nyingi kikwazo kikubwa hakipo kwenye ulimi. Mtoto huweza kuimba tangazo zima la redio, herufi kwa herufi, na bado akashindwa kuomba maji, akabaki kuushika mkono wa mama yake na kuuvuta hadi kwenye mtungi kana kwamba mkono huo hauna mwenyewe. Hatua ya kwanza, basi, ni mtoto kujua kwamba mtu aliye mbele yake anaweza kuelezwa jambo. Hatua hiyo hufundishika nyumbani, na katika eneo letu haina budi kufundishwa nyumbani, kwa kuwa wataalamu ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichotangulia Afrika Mashariki kutoa shahada ya fani hii, kiliianza mwaka 2008 tu.

Kabla ya lolote, mtoto apimwe masikio. Huenda anakimbia mbio akisikia mfuko wa biskuti ukichakarika na hageuki akiitwa jina, nanyi mkahitimisha kwamba anasikia vizuri ila ni mkaidi. Hitimisho hilo lisubiri kipimo, na vipo vipimo visivyomtaka mtoto ajibu chochote, kiasi kwamba hata akiwa usingizini hupimwa. Udata, yaani utando mfupi unaoubana ulimi kwa chini, nao husingiziwa mengi. Unaweza kuathiri baadhi ya sauti, lakini haumzuii mtoto kunyoosha kidole, kuangalia anachoonyeshwa wala kuitika, hivyo kuukata hakutatibu usonji. Mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza aonwe na daktari bila kuchelewa.

Baada ya hapo, mchunguze mtoto kwa siku chache na uandike vitu anavyovitaka kwa hakika, si vile unavyodhani anapaswa kuvitaka. Mmoja atataka ndizi, mwingine povu la sabuni, mwingine kifuniko cha sufuria cha kuzungusha sakafuni. Vitu hivyo viweke anapoviona lakini asipovifikia: juu ya kabati, au ndani ya kopo linalopitisha mwanga lenye kifuniko kigumu. Nyumba ambamo mtoto hujichukulia kila kitu mwenyewe haimpi sababu ya kumsemesha mtu.

Tuchukue saa ya uji. Keti mbele ya mtoto, macho yenu yakiwa usawa mmoja, ummiminie kiasi cha mafunda mawili. Akimaliza, inua jagi, mtazame, unyamaze. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukimya huu ndio sehemu ngumu kuliko zote kwa mzazi, kwa sababu hamu ya kumsaidia humfanya ajaze nafasi kwa maneno, na mtoto anayehitaji muda wa kupanga jibu lake hukatizwa kila anapokaribia kulitoa. Akitazama jagi kisha uso wako, akinyoosha mkono, au akitoa sauti yoyote, hata "u" peke yake, hilo ni ombi: tamka "uji" mara moja, kwa utulivu, na ummiminie papo hapo. Asipofanya lolote, mwongoze mkono wake uguse jagi, sema "uji", kisha mpe. Usimwambie "sema uji, ukisema nitakupa", na usimshindishe njaa ili azungumze. Mtoto mwenye njaa hulia, na anachojifunza ni kwamba kukaa nawe mezani ni adhabu.

Maneno ya kuanzia yachaguliwe kwa makini. Sentensi kama "unataka nikumiminie uji mwingine?" humlemea mtoto ambaye bado anatafuta neno moja la kushika, ilhali "nipe", "tena", "fungua" na "basi" ni mafupi na humfaa kutwa nzima. "Sitaki" lifundishwe mapema pia, pamoja na ishara ya kusukuma kwa kiganja, kwa kuwa mtoto asiye na njia ya kukataa hukataa kwa meno na kucha. Yaseme maneno hayo kama ambavyo yangetoka kinywani mwake. Watoto wengi wenye usonji hurudia walichosikia jinsi kilivyo, hivyo anayeulizwa kila siku "unataka maji?" huja akisema "unataka maji" ilhali kiu ni yake. Usimkemee wala usimcheke, kwani huko ni kuwasiliana. Mjibu kwa kumpa maji huku ukisema "nataka maji", na upunguze maswali.

Iwapo sauti haitoki kabisa, tumia picha. Mfumo wa kubadilishana picha na kitu ulibuniwa na Andy Bondy na Lori Frost katika jimbo la Delaware, Marekani, mwaka 1985, na mwanzoni unahitaji watu wazima wawili. Mmoja hukaa mbele akiwa ameshika ndizi, mwingine hukaa nyuma ya mtoto bila kutamka neno, na mtoto anapoinyooshea ndizi mkono, wa nyuma huuongoza uokote picha na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele, ambaye husema "ndizi" na kuitoa mara moja. Wa nyuma hupunguza msaada kidogo kidogo hadi ajiondoe. Picha iliyopigwa kwa simu, ikachapishwa steshenari na kufunikwa kwa plastiki, inatosha. Bibi akihofia kwamba picha zitamzoesha mtoto kunyamaza, mwambieni kwamba utafiti haujaonyesha madhara hayo, na baadhi ya watoto huongeza maneno wakizitumia.

Lugha iwe ile mnayoiongea kwa wepesi. Ushauri wa kumhamishia mtoto kwenye Kiingereza eti asichanganyikiwe hauna msingi. Watoto wenye usonji hujifunza lugha mbili kama hali zao zinavyoruhusu, na mtoto asiyejua lugha ya bibi yake amepunguziwa mtu wa kuzungumza naye.

Dakika chache mara nyingi kwa siku, wakati wa kuoga, kuvaa na kula, zinafaa kuliko saa nzima ya kumkalisha mezani, mradi dada wa kazi, kaka na shangazi wote watumie neno na ishara zilezile. Daftarini andikeni tarehe, alichoomba, na kama aliomba mwenyewe au alisaidiwa. Siku atakapokufuata jikoni na picha mkononi bila kuitwa, ongezeni picha ya pili, na mumzoeshe kuomba kwa mtu mwingine asiye wewe. Miadi ya mtaalamu ikifika, nendeni na daftari hilo pamoja na video fupi ya saa ya uji, kwa maana katika chumba kigeni huenda mtoto asifanye hata kimoja kati ya anavyofanya nyumbani.