Jinsi ya kupeleka malalamiko kwa kocha wa softiboli wa binti yako: mwongozo kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili Marekani

Wengi wetu tuliohamia Marekani tulilelewa tukijua kwamba mwalimu hahojiwi. Ukishamkabidhi mtoto, umemkabidhi. Kwa hiyo binti akikalishwa benchi mechi baada ya mechi, au akirudi nyumbani bega linamuuma, tunanyamaza, na tukichoka tunamtoa kwenye timu kimyakimya. Huku, mzazi akinyamaza, watu huamini ameridhika. Kocha haambiwi kitu, na mtoto anapoteza mchezo anaoupenda. Kuuliza kwa utaratibu si kumvunjia mtu heshima. Ligi na shule zenyewe zimeweka njia ya kuuliza, na njia hiyo ni yako pia hata kama Kiingereza kinakupiga chenga.

Jua kwanza timu iko chini ya nani

Hatua zote zinazofuata zinategemea jambo hili. Timu za softiboli za wasichana ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya ligi ya mtaa, kwa mfano ile iliyosajiliwa na Little League, shirika lenye makao yake Williamsport, Pennsylvania, ambalo lilianzisha softiboli mwaka 1974. Huko kocha kwa kawaida ni mzazi mwenzako anayejitolea bila mshahara. Ya pili ni klabu ya kusafiri, inayozunguka kwenye mashindano ya miji mingine, ambako unalipa ada kubwa na kutia saini makubaliano. Ya tatu ni timu ya shule, ambayo kocha wake yuko chini ya mkurugenzi wa michezo na mkuu wa shule.

Tafuta karatasi ulizotia saini wakati wa kumwandikisha mtoto, na uzisome hata kama umechelewa. Mara nyingi humo ndimo imeandikwa nani wa kumwona ukiwa na tatizo, na baada ya muda gani. Kwenye klabu za kusafiri usipuuze sehemu ya muda wa kucheza. Nyingi haziahidi chochote, na ukishatia saini huna hoja. Ligi ya Little League ni tofauti: katika msimu wa kawaida, kila mchezaji aliyefika lazima acheze ulinzi hadi wapinzani sita watolewe, na apige mpira angalau mara moja. Hiyo ni kanuni iliyoandikwa. Ukiona binti yako hapati hata kiasi hicho, hauombi fadhila. Unauliza kwa nini kanuni haifuatwi.

Zungumza na binti yako kabla ya kuzungumza na mtu mzima yeyote

Muulize anaonaje yeye. Huenda wewe unaumia kwa sababu yuko uwanja wa nje, kumbe mwenyewe anapapenda. Huenda pia kuna jambo zito kuliko unaloliona kutoka kwenye uzio. Akiwa wa sekondari, makocha wengi hutarajia mchezaji aje mwenyewe kwanza kuuliza kuhusu nafasi yake, na mzazi aje baadaye. Mwache ajaribu, mfanyishe mazoezi ya maneno atakayosema. Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, kazi hiyo ni yako.

Subiri siku moja

Ligi na klabu nyingi zina kanuni ya saa 24: mzazi haruhusiwi kumfuata kocha kwa malalamiko mpaka siku moja ipite baada ya mechi. Ifuate hata kama timu yenu haijaiandika. Usimwendee kocha kwenye maegesho ya magari, usimwitie kwenye uzio mechi ikiendelea, na tafadhali usianzie kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Likishafika kwenye kundi limekuwa la watu wote, na kocha atakuja akiwa amejiandaa kujitetea badala ya kusikiliza. Uamuzi wa mwamuzi usiupeleke kabisa. Kuwasilisha pingamizi kuhusu mchezo ni kazi ya kocha mkuu wa timu, si ya mzazi.

Tumia siku hiyo kuandika ulichoona: tarehe, mechi ipi, nini kilitokea, nani alikuwepo. Timu yenu ikitumia programu ya GameChanger kuweka alama, humo unaweza kuona nani alicheza wapi.

Mwandikie kocha ujumbe mfupi

Usieleze kila kitu kwenye ujumbe. Kazi yake ni kuomba nafasi ya kuonana. Taja jambo moja tu, na siku lilipotokea. Mfano:

*"Habari, Coach. Mimi ni mama wa mrushaji wako namba 12. Asante kwa muda unaowapa wasichana hawa. Ningependa kuzungumza nawe kuhusu bega lake. Jumamosi alirusha mpira katika mechi mbili. Jumapili asubuhi alishindwa kuinua mkono kuchana nywele. Tunaweza kuonana kwa dakika 15 wiki hii, kabla au baada ya mazoezi? Kiingereza changu ni kidogo, nitakuja na mtu wa kunitafsiria."*

Sentensi zikiwa fupi namna hii, hata programu ya kutafsiri haiziharibu sana. Tuma kwa barua pepe au kwa programu ya timu ili kumbukumbu ibaki. Kama unampigia simu, mwandikie baadaye mistari miwili ya mlichokubaliana.

Nimechagua mfano wa bega kwa makusudi. Besiboli ya Little League huhesabu mipira anayorusha mtoto na kumpangia siku za kupumzika. Kwenye softiboli mipira haihesabiwi hivyo, na kwenye mashindano ya wikendi msichana mmoja anaweza kurusha mpira mechi baada ya mechi. Basi wewe mzazi una kila sababu ya kuhesabu, na swali la bega ni swali halali kabisa. Vivyo hivyo mtoto aliyegongwa kichwani: majimbo yote 50 yana sheria kuhusu mtikisiko wa ubongo kwa vijana wanamichezo, na mtoto anayeshukiwa kuupata hapaswi kurudishwa uwanjani siku hiyo. Hili halingoji saa 24. Mtoe mtoto, mpeleke kwa daktari, barua utaandika baadaye.

Kwenye kikao

Usimfanye binti yako mkalimani. Najua ndivyo tunavyofanya benki na hospitalini, lakini hapa anayezungumzwa ni yeye. Atapunguza makali ya maneno yako kwa kumwogopa kocha, au atapunguza ya kocha kwa kukuogopa wewe. Mlete ndugu, jirani au mtu wa kanisani au msikitini. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu, ambazo karibu ni zote za umma, zinatakiwa kukupa mkalimani bure, kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Raia ya 1964. Omba siku chache kabla, kwa maandishi, na utaje lugha yako waziwazi: Kiswahili. Ligi ya mtaa kwa kawaida haina wajibu huo, kwa hiyo jipange mwenyewe.

Mwite "Coach" na jina lake la kwanza; ndiyo heshima yao. Salamu zitakuwa fupi, hatakuuliza habari za nyumbani, na hilo lisikukwaze. Anza na swali: "Ungependa afanye nini ili apate nafasi zaidi?" au "Mpango wako wa kumpumzisha ni upi?" Kocha hatajadili watoto wa wengine. Ukisema "mbona binti yako wewe anacheza kila siku", kikao kimekwisha, hata kama unasema kweli. Kama upendeleo upo, uonyeshe kwa kanuni na tarehe za mtoto wako peke yake, halafu upeleke ngazi ya juu.

Muda, nafasi uwanjani, mavazi ya dini, lugha kali, ratiba inayogongana na zamu zako za kazi: yote haya yanazungumzika. Kabla ya kuondoka mkubaliane mtaangalia tena lini. Wiki mbili zinatosha.

Kama hakuna kilichobadilika

Panda ngazi moja moja. Kwenye Little League, mtafute mjumbe wa bodi anayesimamia mambo ya wachezaji. Kwa mambo ya vifaa na uwanja kuna afisa usalama. Kisha rais wa ligi. Makocha wa Little League huteuliwa na rais na kupitishwa na bodi kila mwaka, kwa hiyo barua yako ina uzito hata msimu ukiwa umekaribia kwisha. Juu ya ligi yuko msimamizi wa wilaya, na juu yake ofisi ya kanda. Shuleni ni mkurugenzi wa michezo, mkuu wa shule, kisha ofisi ya wilaya ya shule. Kwenye klabu ni mkurugenzi wa klabu. Kila unapopanda, ambatanisha ujumbe wa kwanza na tarehe ya kikao. Wakiona ulianza chini watakusikiliza.

Mambo yasiyopitia ngazi hizi

Kocha akimgusa mtoto vibaya, akimpiga, akimtumia ujumbe wa siri au picha, usimwandikie kocha na usingoje kikao. Kukiwa na hatari sasa hivi piga 911. Vinginevyo piga simu polisi au kwa huduma ya ulinzi wa watoto ya jimbo lako. Simu ya Childhelp, shirika la kusaidia watoto wanaonyanyaswa, 1-800-422-4453, inapokea kwa msaada wa wakalimani wa lugha nyingi. Kama klabu imesajiliwa na USA Softball, shirika la taifa la softiboli, toa taarifa pia kwa U.S. Center for SafeSport, kituo kinachoshughulikia unyanyasaji michezoni, 833-587-7233. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Februari 2018 inawataka watu wazima wanaosimamia vijana katika mashirika hayo ya michezo kutoa taarifa ya tuhuma za unyanyasaji ndani ya saa 24. Kiongozi akikuambia "tutalimaliza wenyewe", usikubali. Aibu si ya mtoto wala si ya familia yako, na hadhi yako ya uhamiaji haimpunguzii mtoto haki ya kulindwa.

Binti akiadhibiwa kwa sababu uliuliza

Hofu hii ndiyo inayotufunga midomo wengi, na si ya bure. Ukiona baada ya kikao ameanza kuachwa nje au kusemwa mbele ya wenzake, andika tarehe na umwandikie aliye juu ya kocha siku hiyohiyo, ukitumia maneno haya: "Naamini binti yangu anaadhibiwa kwa sababu nilileta malalamiko." Kama ni shule, na malalamiko yako yalihusu ubaguzi wa rangi, wa asili ya taifa au wa jinsia, kulipiza kisasi ni kosa. Kila wilaya ya shule ina mratibu wa Title IX, sheria ya 1972 dhidi ya ubaguzi wa jinsia. Uliza jina lake ofisini. Unaweza pia kulalamika kwa Ofisi ya Haki za Raia ya Wizara ya Elimu, bila wakili na bila malipo. Muda ni siku 180 tangu kitendo kitokee, kwa hiyo tarehe uliyoiandika siku ile ya kwanza ndiyo watakayokuuliza.