Somo: Kupaka rangi mchoro wa mkono kwa kompyuta bila kuharibu mistari

Wengi wanaoanza kazi hii hufungua mchoro, huchukua kile kidude cha ndoo, humwaga rangi, kisha hushangaa. Kila mstari umezungukwa na ukingo mweupe, na rangi ya shati imefurika hadi angani. Mkono hauna kosa, wala kompyuta. Mistari na rangi zimewekwa mahali pamoja, basi. Ukitoka na jambo moja tu kwenye somo hili, liwe hili: mistari ikae juu kwenye tabaka lake, rangi ikae chini kwenye tabaka lake. Tabaka (layer) ni kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya nyingine ndani ya picha moja.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Mwenye Krita au Photoshop atafuata bila shida, maana mbinu ni zilezile.

Hatua ya 1: Andaa karatasi

Pitisha wino juu ya penseli, acha ukauke kabisa, ndipo ufute penseli. Tumia karatasi nyeupe isiyo na mistari. Jitahidi mistari ya nje ya umbo ikutane, kwa sababu rangi hutoka pale inapopata mwanya. Ila usiharibu uzuri wa mchoro kwa kufunga kila kona. Mianya michache tutaishughulikia mbele.

Hatua ya 2: Ingiza kwenye kompyuta

Skani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Karatasi ya A4 itakupa picha ya pikseli 2480 kwa 3508, na hiyo inatosha kwa kazi nyingi. Dpi 600 inafaa ukitaka kuchapisha kwa ukubwa, lakini pikseli zinakuwa mara nne na mashine yenye kumbukumbu ndogo itahema. Chagua kijivujivu. Ile hali ya nyeusi na nyeupe tupu hufanya kingo za mistari ziwe na meno kama msumeno. Hifadhi kwa PNG au TIFF, kwani JPEG huacha takataka ndogondogo kuzunguka mistari, nazo zitakusumbua wakati wa kumwaga rangi.

Kama huna skana, simu inatosha. Weka karatasi penye mwanga wa mchana, zima flashi, piga ukiwa juu yake moja kwa moja, na usisogee karibu mno, pembe hupinda.

Hatua ya 3: Safisha

Hapa usiwe na haraka. Fungua menyu ya Colors, kisha Levels. Utaona pembetatu tatu chini ya grafu. Ya kulia isogeze kushoto mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, ya kushoto isogeze kulia mpaka wino uwe mweusi. Kuza picha ukague mistari myembamba: ikianza kukatika, umevuta mno, rudi nyuma kidogo.

Picha ya simu ina tatizo lake. Upande mmoja wa karatasi huwa na kiza kuliko mwingine, na hapo Levels peke yake haifui dafu: ukiung'arisha upande wenye kiza, mistari ya upande wa pili inapotea. Dawa yake ni hii. Nakili tabaka la mchoro. Ile nakala ya juu itie ukungu kwa Gaussian Blur mpaka mistari ipotee kabisa na kubaki kivuli cha mwanga tu. Kisha badilisha hali yake (Mode, yaani namna tabaka linavyochanganyika na la chini yake) iwe Divide. Programu inagawanya picha kwa mwanga wake yenyewe, na karatasi yote inarudi kuwa nyeupe sawasawa. Unganisha matabaka hayo mawili, ndipo urudi kwenye Levels.

Mwisho, nenda Image, Mode, chagua RGB, yaani picha ya rangi. Usiiruke hatua hii. Swali la kwanza hapo chini litakuonyesha sababu.

Hatua ya 4: Tenganisha matabaka

Tabaka la mchoro lipe jina Mistari na hali yake iweke Multiply. Tengeneza tabaka jipya, liite Rangi, liburute liwe chini ya Mistari. Chini kabisa weka jingine jeupe.

Multiply inafanya hesabu tu. Kila rangi ndani ya kompyuta ina thamani kuanzia 0 hadi 255. Thamani ya tabaka la juu inazidishwa na ya chini, jibu linagawanywa kwa 255. Nyeupe ni 255, kwa hiyo rangi ya chini inabaki kama ilivyo. Nyeusi ni 0, na chochote mara sifuri ni sifuri, kwa hiyo wino unabaki mweusi. Weupe wa karatasi unakuwa kama kioo, na hukulazimika kuufuta.

Hatua ya 5: Mwaga rangi

Ukiwa kwenye tabaka la Mistari, chukua Fuzzy Select, zana inayochagua eneo lenye rangi inayofanana, ubofye ndani ya eneo, tuseme mkono wa shati. Nenda Select, Grow, andika pikseli 2. Kama uliskani kwa 600 weka 3 au 4. Sasa hamia tabaka la Rangi na umwage.

Hiyo Grow ndiyo inayoondoa ule ukingo mweupe. Pembeni mwa kila mstari kuna pikseli za kijivu ambazo si wino wala karatasi, na ndoo huziogopa. Ukilikuza eneo, rangi inaingia chini ya mstari, na mstari unaifunika.

Eneo likivuja, tafuta mwanya. Ama uuzibe kwa brashi ndogo, ama utumie ndoo yenyewe katika hali ya kutambua mistari, iliyoingia GIMP mwaka 2019 na ambayo huziba mianya midogo yenyewe.

Hatua ya 6: Kivuli

Tabaka jipya juu ya Rangi, hali Multiply, rangi ya zambarau hafifu. Amua mwanga unatoka wapi na usibadili mawazo katikati. Mimi sipendi kivuli cha kijivu. Huifanya ngozi ionekane mgonjwa.

Hatua ya 7: Hifadhi

XCF, faili la GIMP linalotunza matabaka, kwa ajili yako; PNG kwa ajili ya kutuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nimefuata yote lakini nikimwaga nyekundu inatoka kijivu.

Marahaba. Faili lako bado liko katika kijivujivu cha skana, halina nafasi ya rangi. Rudi Image, Mode, RGB, kisha mwaga upya.

Mkuu, mimi nina mausi tu, sina kalamu ya kidijitali. Kivuli nitakiwezaje?

Usikipake kwa brashi. Chukua Free Select, bofya nukta moja moja kuzunguka umbo la kivuli badala ya kuburuta, ufunge, umwage. Kivuli chenye kingo kali kinapendeza sana kwenye katuni.

Nataka mistari ya nywele iwe kahawia, siyo nyeusi. Inawezekana?

Inawezekana. Kwenye tabaka la Mistari tumia Color to Alpha uondoe weupe, rudisha hali iwe Normal, funga uwazi wa tabaka kwa Lock Alpha, kisha paka kahawia juu ya nywele. Rangi itashika kwenye wino peke yake.

Mimi nachora kwa penseli na sipendi wino. Nifanyeje?

Multiply itakutunzia chembechembe za penseli vizuri, ila usivute Levels kwa nguvu. Fuzzy Select itakusumbua kwa sababu mstari wa penseli umejaa vitundu, hivyo zungushia maeneo kwa mkono na Free Select.

Nilihifadhi PNG peke yake. Nikiifungua naona tabaka moja. Nitayarudisha vipi mengine?

Hayarudi, PNG haihifadhi matabaka. Kama skani ya mwanzo bado unayo, iweke juu ya hiyo PNG kwa Multiply, uilinganishe vizuri, uendelee kusahihisha rangi chini yake.