Namna ya Kuuzuru Msitu Mtakatifu wa Osun-Osogbo

Msitu huu wa hekta 75 uko pembezoni mwa Osogbo, makao makuu ya Jimbo la Osun nchini Nigeria, na anayetoka Lagos huufikia kwa barabara ipitayo Ibadan. Kabla ya kwenda, jifunze kwanza kisa cha mji wenyewe. Wayoruba husimulia kwamba Larooye, mwasisi wa mji, na Timehin, mwindaji wa tembo, walihamia ukingoni mwa mto wakitafuta maji; mti walioukata ulipoangukia mtoni, ikasikika sauti ya Osun, mungu wa kike wa mto huo, ikilalamika kwamba vyungu vyake vya rangi vimevunjwa, nao wakaafikiana naye kwamba watamheshimu, naye atawalinda. Asiyekijua kisa hiki, akizitazama sanamu za msituni, ataishia kuona saruji na mbao.

Sanamu nyingi zilitengenezwa katika nusu ya pili ya karne ya 20, wakati msitu ulipokuwa ukikatwa na kumegwa. Susanne Wenger, mzaliwa wa Austria aliyefika Nigeria mwaka 1950 na kuwa kuhani wa dini ya Kiyoruba, alishirikiana na mafundi wa Osogbo kuulinda kwa kuyajenga upya mahekalu yake. Usipite haraka mbele ya kazi za wenzake hao, kwa kuwa majina yao husahaulika isivyo haki: tazama kuta za matundu za Adebisi Akanji, aliyekuwa mwashi, na nguzo za Kasali Akangbe, zenye nyuso ndefu, nyembamba, zilizochongwa katika mbao. UNESCO iliutambua msitu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2005.

Lipa kiingilio, kisha umchukue mwongozaji wa hapo, kwa sababu mahekalu bado yanatumika kwa ibada na yeye ndiye ajuaye mahali pa kuvua viatu na pasipopigwa picha. Uwindaji na uvuvi ni mwiko.

Tamasha la Agosti, ambapo msichana aitwaye Arugba hubeba kibuyu cha sadaka kichwani hadi mtoni, huvuta umati mkubwa mno. Mwenye nia ya kuzitazama sanamu kwa utulivu ni heri aende kati ya Novemba na Machi, njia zikiwa kavu. Utawaona waumini wakichota maji ya mto, lakini usiyanywe, kwani uchimbaji wa dhahabu upande wa juu umeyachafua.