Kabla Mto Haujafurika: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkazi wa Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani hadi kuingia baharini kwenye Daraja la Selander, na katika mwendo huo wa takribani kilomita 35 hubeba maji ya sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam. Anayeishi kando yake, au kando ya mojawapo ya vijito vinavyouingia, hahitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Anachohitaji ni hesabu: afanye nini kabla ya vuli na kabla ya masika, kwa gharama gani, na ni kipi kati ya hayo kilicho ndani ya uwezo wake, kwa kuwa fedha nyingi hupotea pale mtu anapolipia kinga isiyokuwa ya kwake kulipia au anapoilipia wakati umekwisha kupita.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba kumbukumbu za miaka ya nyuma, hata za wazee waliozaliwa bondeni, hazitoshi tena kuwa kipimo. Hewa ikipata joto la nyongeza ya nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takribani asilimia 7, na katika muongo wa 2011 hadi 2020 wastani wa joto la dunia ulikuwa umezidi ule wa nusu ya pili ya karne ya 19 kwa nyuzi 1.1 hivi. Maana yake kwa mkazi wa Kigogo si kwamba mvua itanyesha kila siku, bali kwamba siku inaponyesha kwa nguvu, kiasi kinachoweza kumwagika kwa saa moja ni kikubwa kuliko kile ambacho mitaro ya zamani ilichimbwa kukipokea. Hapo ongeza mabati, saruji na lami vilivyofunika ardhi iliyokuwa ikinywa maji, na mchanga unaosombwa kutoka juu ukajaza mto huku chini, na itaeleweka kwa nini mvua iliyokuwa ya kawaida zamani leo inafika dirishani. Mabadiliko ya tabianchi hayabebi lawama yote, na ni vema kulisema hilo wazi, maana lawama ikitupiwa anga peke yake hakuna anayeulizwa kuhusu mtaro ulioziba.

Bahari nayo ina mchango wake. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Dar es Salaam huzidi mita 3, na mvua kubwa ikiangukia saa ambazo bahari imejaa, mto hukosa pa kumwagia. Kina cha bahari duniani kilipanda kwa takribani sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi hiyo inaongezeka, kwa hiyo mteremko wa mto kuelekea Selander unazidi kupungua nguvu. Kalenda ya bamvua, ambayo wavuvi wa Feri wanaijua kwa kichwa, inastahili kubandikwa ukutani kwa mkazi wa bondeni pia, kwa kuwa haigharimu chochote na husaidia kujua ni usiku upi wa mvua unaohitaji mtu kukesha.

Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe kwa namna ulivyoandikwa. Mamlaka inaposema mvua zinatarajiwa kuwa juu ya wastani, inazungumzia uwezekano, na haisemi ni Jumanne ipi nyumba ya nani itaingiwa na maji. Kwa mvua za vuli, mambo mawili hutazamwa zaidi: El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, na hali ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ulio karibu nasi, kuwa na joto kuliko upande wa mashariki. Mambo hayo mawili yalipokutana mwaka 1997, Afrika Mashariki ilipata mafuriko ambayo watu bado wanayataja kwa jina la El Niño. Yakakutana tena mwaka 2023. Zikisikika habari hizo mwezi Agosti au Septemba, zichukuliwe kuwa ni muda wa miezi michache wa kujipanga, ambao ni muda mrefu ukilinganisha na saa chache ambazo watu wengi huishia kuwa nazo. Baadaye hufuata tahadhari za siku tano kwa madaraja matatu, Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa, na kila kaya inafaa iwe imeamua mapema daraja lipi linamaanisha kupandisha vitu juu na lipi linamaanisha kutoka, badala ya kuanza mjadala huo wakati watoto wamekwisha kulala.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, ni lazima kujua maji hufika wapi. Alama za tope kwenye kuta za majirani husema kweli kuliko muuza kiwanja. Mradi wa Ramani Huria, uliowatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuanzia mwaka 2015, umechora mitaa mingi ya jiji pamoja na mitaro yake, na ramani hizo ziko wazi kwa kila mtu. Maswali ya kuuliza ni mafupi: maji yalifika kimo gani, mara ngapi katika miaka kumi, yalikaa kwa muda gani, na yalitokea upande gani. La mwisho ndilo husahaulika, ilhali maji yanayopanda kutoka mtoni na yale yanayoteremka kutoka barabara ya juu hayazuiwi kwa kinga ya aina moja.

Majibu hayo ndiyo yanayowezesha kupiga hesabu ya gharama. Tuchukue mfano wa kaya ambayo maji huingia ndani mara moja katika kila miaka 5, na kila yanapoingia huharibu godoro, friji, bidhaa za biashara na siku za kazi kwa jumla ya shilingi 2,000,000. Kwa wastani kaya hiyo hupoteza shilingi 400,000 kila mwaka, hata katika miaka ya ukame ambayo haioni tone la maji ndani. Ikitumia shilingi 1,000,000 kuinua kizingiti, kuhamishia soketi juu na kujenga rafu imara za zege, na kazi hiyo ikapunguza hasara kwa nusu, itaokoa shilingi 200,000 kwa mwaka na fedha yake itarudi baada ya miaka 5. Lakini mafuriko yakianza kuja mara moja katika kila miaka 3, fedha hiyo hiyo itarudi ndani ya miaka 3. Kwa maneno mengine, kadiri hali ya hewa inavyozidi kuwa kali, ndivyo kazi ndogo za mapema zinavyozidi kuwa nafuu, mpaka pale maji yatakapovuka kimo cha kizingiti, ambapo kazi zote hizo hupoteza thamani kwa usiku mmoja. Kaya ambayo maji hufika madirishani haina sababu ya kulipia kizingiti.

Zipo pia kinga zinazomhamishia jirani hasara. Kumwaga kifusi ili kiwanja kiwe juu, au kujenga ukuta mzima usio na matundu ya kupitishia maji, humwokoa mwenye navyo kwa msimu mmoja au miwili na kumzamisha wa pembeni, ambaye naye akipata fedha atamwaga kifusi chake, na mwisho wa mashindano hayo njia ya maji huwa imefutika kabisa. Zaidi ya hayo, ukuta unaozuia maji upande mmoja hubeba uzito ambao haukujengwa kuubeba, na unapoanguka huua.

Choo ni suala linalotakiwa kushughulikiwa kabla ya jingine lolote ndani ya ua, ingawa watu huona haya kulizungumza. Tabia ya kutapisha vyoo mvua inapokolea, ili uchafu uondoke bure na maji, ndiyo njia ya haraka ya kukaribisha kipindupindu mtaa mzima, ukiwemo uani kwa huyo aliyetapisha. Gari la kunyonya majitaka liitwe Septemba au Februari, wakati barabara zinapitika. Kaya zinazotumia vyoo vya jirani zikichangia safari moja, gharama hugawanyika. Wanaojenga choo kipya wainue sakafu yake kupita kimo cha maji yaliyokwisha kuonekana. Maji ya kunywa yawe na ndoo yenye mfuniko iliyo juu ya meza, pamoja na dawa ya kutibu maji iliyonunuliwa mapema. Swichi kuu ya umeme ifahamike na kila mtu mzima ndani ya nyumba, na izimwe kabla maji hayajavuka kizingiti, kamwe si na mtu aliyesimama ndani ya maji.

Wapangaji, ambao ni wengi bondeni kwa sababu kodi ni nafuu, wana hesabu yao tofauti. Mtu aliyelipa kodi ya miezi sita hatajenga kizingiti cha nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba anayeishi kwingine haoni haja ya kukijenga. Kwa hiyo mpangaji aelekeze fedha zake kwenye vitu anavyoweza kuhama navyo: kitanda kirefu, mapipa yenye mifuniko, mfuko wa nailoni wenye kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa na mkataba wa upangaji, pamoja na picha za nyaraka hizo kwenye simu ya ndugu anayekaa mbali. Marekebisho ya jengo ayaombe kwa maandishi wakati wa kulipa kodi, ambapo neno lake lina uzito. Mama lishe na fundi mwenye vifaa vyake sakafuni wahesabu mtaji wao kwanza kabla ya samani, kwa kuwa godoro hukauka lakini mtaji ukisombwa familia hukosa chakula wiki inayofuata. Vikundi vya VICOBA, yaani vya kuweka na kukopa, vikitenga sehemu ya akiba kwa ajili ya dharura ya mvua, na kukubaliana mapema kwamba itatolewa bila riba, huwaepusha wanachama na mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu.

Kuna kazi ambazo ni za mtaa. Mtaro husafishwa kabla ya msimu, na tope linalotolewa lipakiwe na kuondolewa siku hiyo hiyo, maana likiachwa pembeni mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka, na nguvu za watu zinakuwa zimepotea. Kalavati zinazobana taka zijulikane kwa jina na kila moja iwe na watu wa kuiangalia. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya chini. Mwananchi aulize kwenye mkutano mkuu wa mtaa kamati yake ni ya kina nani, nani ana orodha ya wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu, na shule au msikiti upi utafunguliwa usiku. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma.

Kazi kubwa zaidi haziwezi kubebwa na kaya wala mtaa. Kuchimba mto, kuinua daraja la Jangwani, kuurudishia mto eneo ambalo unaweza kulijaza bila kumdhuru mtu, na kulipa fidia kwa wanaohamishwa ni mambo ya fedha za taifa na mikopo; mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi ulipata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa mpaka kilinganishwe na mafuriko ya Aprili 2018 peke yake, ambayo hasara yake kwa jiji ilikadiriwa kupita dola milioni 100. Duniani kote hali ni ya upungufu: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2023 kwamba nchi zinazoendelea zinahitaji dola bilioni 215 hadi 387 kwa mwaka katika muongo huu ili kuhimili mabadiliko ya tabianchi, wakati fedha za umma kutoka nje zilizozifikia mwaka 2021 zilikuwa takribani bilioni 21. Si busara, basi, kuahirisha kizingiti kwa kungoja mradi. Wala si haki kumwambia mkazi kwamba kizingiti kinatosha.

Linabaki suala la kuhama, ambalo ndilo zito kuliko yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na aliye ndani ya mita hizo anaweza kupoteza nyumba kwa maji au kwa bomoabomoa, kama ilivyotokea Desemba 2015. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, baadhi ya familia zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na Kariakoo na mbali na vibarua vyao, na wapo waliorudi bondeni. Kwa hiyo anayefikiria kuhama ajumlishe nauli ya kila siku, ada za shule mpya na kipato kitakachopungua, kisha alinganishe jumla hiyo na hasara ya wastani ya kila mwaka tuliyoikokotoa hapo juu, bila kusahau kwamba uhai wa mtu hauingii kwenye safu yoyote ya hesabu hiyo. Anayepokea fidia atunze nakala za leseni ya makazi, risiti na picha za jengo kabla halijaguswa. Na kiwanja kipya kikaguliwe mwezi wa Aprili, baada ya mvua ya usiku kucha, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.