Ndimu ikamuliwe ukishaepua

Nimeipata juzi kliniki, kwa muuguzi: mchicha au maharage yakamulie ndimu, ila ukishaepua, au mezani kabisa. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea mwili huyafyonza kidogo tu. Vitamini C ya ndimu husaidia yafyonzwe zaidi. Ukikamulia sufuria ikiwa bado inatokota, sehemu ya vitamini hiyo inaharibiwa na moto. Na chai, ya rangi au ya maziwa, isubiri kama saa moja baada ya mlo, maana inazuia chuma hichohicho (hapo ndipo nilipokuwa naharibu kila siku). Kwa aliyekwisha kupungukiwa damu, ndimu pekee haitoshi. Vidonge alivyoandikiwa asiviache.